Uwanja wa Ndege Uliomeza Zizi la Babu

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu niliamini kwamba uwanja wa ndege wa Dodoma unahama. Sisemi nilisikia tu. Niliamini, nikawafundisha wengine, na ningepewa kipaza sauti ningeuhubiri mkutanoni. Habari yenyewe ilikuwa hivi: mvua zikinyesha, ardhi ya kwetu inalainika chini kwa chini kama uji wa uwele, na lile pande refu la uwanja, kwa uzito wake na uzito wa ndege zinazolidundadunda, linateleza polepole kuelekea mjini. Kila mwaka kidogo. Ushahidi? Wazazi wetu walisema zamani uwanja ulikuwa porini kabisa, fisi wakikatiza njia ya ndege kwa maringo. Leo uko katikati ya watu, ndege ikishuka unaweza kumpa rubani andazi kupitia dirishani. Na mimi nikaongezea langu: kwamba serikali inajenga uwanja mpya kule Msalato kwa sababu huu wa zamani ukiachwa uendelee utafika relini, ugongane na treni.

Anayetaka kucheka acheke. Niliendelea kuamini hata baada ya kumaliza kidato cha nne kwa shule ya usiku, nikiwa na cheti chenye alama nzuri ya Jiografia ambayo nadhani mpaka leo mwalimu wangu anajiuliza niliipataje.

Lakini kwetu jambo hili halikuwa la mzaha. Babu yangu, baba wa baba, alifariki mimi sijazaliwa, akazikwa kwenye zizi la ng'ombe wake, kama walivyozikwa wakuu wengi wa kaya za Kigogo wa wakati ule. Tembe lake lilikuwa upande wa uwanja wa ndege. Baada ya msiba familia ikahamia Mvumi, maisha yakaenda, na walipokuja kurudi kulitafuta kaburi wakakuta uzio, kuta na mageti. Baba mdogo, kitinda mimba wa babu, akatoa hukumu: uwanja umehama, umelimeza zizi, kaburi liko chini ya lami, tumshukuru Mungu tuendelee. Ukoo mzima ukakubali. Mimi ndiye niliyekuwa naipamba hukumu hiyo kwenye kila msiba na kila harusi.

Aliyekataa alikuwa mmoja tu, shangazi, mtoto wa kwanza wa babu, nasi tukamwita mbishi. Alikuwa msichana mkubwa babu anazikwa, na alikuwa ameomba jambo moja tu hapa duniani: akae karibu na baba yake, hata kwa nusu saa, kabla magoti hayajamgomea.

"Dada," baba mdogo alimwambia siku moja tukiwa tunakula mlenda kwake, "unatafuta zizi kwenye jiji la maghorofa. Kawaulize marubani."

"Wewe nyamaza. Siku ile ulikuwa mgongoni kwangu, unanyonya kidole. Leo unanifundisha zizi la baba lilikuwa wapi?"

"Uwanja umehama, dada. Muulize huyu msomi wa usiku."

Nikajikohoza kisomi. "Ni kweli, shangazi. Kitaalamu, ardhi inateleza."

"Iteleze ikubebe na wewe," shangazi akasema, akasogeza bakuli la mlenda mbali na mkono wangu. Kisha akapunguza sauti. "Magoti haya yananiaga. Nikishindwa kutembea kabla sijamwona baba, nani kati yenu atanibeba?"

Baba mdogo akainamia bakuli. Mimi nikaanza kukusanya vyombo.

Sasa, mimi ni fundi wa kupaua. Nimepaua nusu ya Dodoma, na ile nusu nyingine inavuja. Basi nikaitwa kwenye ofisi moja inayotunza ramani, bati limeachia, maji yanadondokea makabati. Nikiwa juu ya ngazi, nikachungulia dirishani, nikaona ukutani picha kubwa ya mji iliyopigwa kutoka juu. Nyie! Mtu anayefanya kazi ya mapaa kuonyeshwa mapaa yote kwa mkupuo ni sawa na mlevi kuonyeshwa pipa. Nilishuka ngazi kwa kuruka.

Afisa ramani alikuwa dada mmoja mcheshi kutoka Kanda ya Ziwa, aliyekuja Dodoma serikali ilipohamia. Akaniambia hiyo ni ya karibuni, lakini wanazo za zamani pia, nyeusi na nyeupe, zilizopigwa kwa ndege kabla hata yeye hajazaliwa.

"Za upande wa uwanja wa ndege zipo?"

"Zipo. Unatafuta nini?"

"Babu yangu," nikasema.

Alinitazama kidogo, akaona sitanii. Akaniambia nimlete mwenye kumbukumbu.

Nikampeleka shangazi. Alivaa kitenge cha Pasaka na viatu vya kanisani, kana kwamba anakwenda kuonana na babu mwenyewe. Afisa akampa shikamoo na kiti, kisha akatandaza picha tatu mezani, ya zamani, ya kati na ya sasa.

Nimeona mambo mengi, lakini sijawahi kuona kitu kama kile. Kwenye picha ya zamani uwanja wa ndege ulikuwa mstari mweupe tu, kama mkwaruzo wa ukucha kwenye ngozi isiyopakwa mafuta. Reli ipo, mji ni kiganja kimoja cha nyumba, na kwingine kote ni njia za ng'ombe na miti iliyotawanyika. Kwenye ya kati, barabara zimeshachorwa zinasubiri watu. Kwenye ya sasa, watu wamefika! Mabati mekundu, ya buluu, ya kijani, yamebanana mpaka kwenye uzio wa uwanja, na uwanja wenyewe umekuwa mweusi, mrefu, umenona. Nilijisikia fahari mpaka kifua kikauma. Nilianza kumwonyesha shangazi mapaa yangu moja moja.

"Hukunileta kuangalia mabati," akasema. "Baba yuko wapi?"

Nikainamia picha ya zamani na kioo cha kukuzia. Nikatafuta tembe. Hakuna. Nikatafuta tena, jasho linanitoka. Kwa nini paa linikimbie mimi, mimi mpauaji? Ndipo nikakumbuka: tembe limepauliwa kwa udongo. Ukilitazama kutoka mbinguni ni ardhi iliyolala juu ya ardhi.

"Hapa naona udongo mtupu, shangazi. Naona uwanja ulishakula kila kitu mapema. Unajua, dada," nikamgeukia afisa, "huu uwanja kitaalamu unahama..."

Afisa alinyanyua macho, akafungua mdomo kunijibu, lakini shangazi akamvuta mkono. "Mwanangu, mwache huyo. Hamna namna nyingine?"

Ilikuwepo. Afisa akaleta kifaa cha vioo viwili chenye miguu minne, mfano wa miwani iliyosimamishwa juu ya kigoda. Akaweka chini yake picha mbili za zamani za eneo lilelile, zilizopigwa na ndege ileile moja nyuma ya nyingine. Akasema ukitazama, jicho hili linaona moja na jicho lile linaona nyingine, na vitu vinainuka. Nikatangulia mimi. Mwamba mmoja wa upande wa kaskazini ulinirukia, nikarudisha kichwa nyuma nisivunjwe pua.

Shangazi akainama. Akatazama kwa muda ambao ungetosha kuchemsha maharage.

"Sogeza kidogo," akasema. "Siyo huko, huko ni kwa jirani yetu mchoyo. Rudi. Fuata njia ya kisimani. Ile miamba miwili iwe mkono wa kulia... Hapo! Usiguse!"

"Unaona nini, mama?" afisa akamwuliza.

"Imesimama." Sauti yake ilikuwa ya msichana. "Nyumba ya baba imesimama."

Tukatazama kwa zamu. Kweli kabisa! Pale palipokuwa ardhi tupu palikuwa pameinuka kuta, paa limenyooka kama meza, na katikati ya ua doa jeusi: zizi, na samadi yake ya miaka. Upande mmoja wa nyumba ulikuwa umekatika.

"Ule ubavu ulibomoka kwa mvua," shangazi akasema. "Baba akasema ataujenga, hakuujenga. Akafa kabla." Akamwuliza afisa picha ni ya mwaka gani, akahesabu kwa vidole. "Basi hapo yupo hai. Ndege inapita juu, na yeye yupo hai. Labda ametoka nje anaishangaa."

Afisa akageuka dirishani. Mimi nilijifanya nakagua dari.

Kisha afisa akashika rula na kompyuta yake, akapima kutoka kwenye alama anazozijua yeye, wakati mimi niko nje nampigia baba mdogo simu kwa sauti iliyosikika Bahi. Niliporudi, kulikuwa na nukta moja kwenye picha ya sasa. Haikuwa kwenye lami. Ilikuwa nyuma ya nyumba ya paa jekundu, kando ya mti.

Jumamosi tukaenda wanne: shangazi, baba mdogo, afisa na simu yake inayojua mahali pote, na mimi. Mwenye nyumba, muuguzi mstaafu, alitufungulia geti akiwa na ndoo ya kumwagilia. Paa lake sikulipaua mimi, na ndiyo maana lilikuwa na mkunjo. Tulipomweleza tulichofuata hakucheka. Akatupeleka nyuma, kwenye kona yenye mchicha ambao sijauona mahali pengine, majani mapana kama masikio ya tembo.

"Majirani wananunua mbolea," akasema, "mimi hapa naweka maji tu. Nilidhani ni mkono wangu."

"Ni ng'ombe wa baba," shangazi akamwambia.

Chini ya mwarobaini, pembeni ya mchicha, kulikuwa na mawe yamepangwa kwa urefu wa mtu. Muuguzi akasema mafundi waliyataka kwa ajili ya msingi, akawakatalia. Mawe ya namna ile, alisema, yamepangwa na mtu.

Shangazi hakuhitaji simu wala picha. Alitazama juu ya ukuta, akaiona ile miamba miwili upande wa kulia, akavua viatu vya kanisani, akakaa chini taratibu, goti moja kisha jingine. Akaweka kiganja juu ya jiwe. Akaanza kuzungumza Kigogo kwa sauti ndogo, habari za miaka yote hiyo, nani kaolewa, nani kafa, ng'ombe walikwenda wapi.

Baba mdogo, mbishi wa kuzaliwa, alisimama ameshika kofia. Halafu akapiga magoti karibu na dada yake.

"Shikamoo, baba," akasema.

Shangazi akampa nafasi akae. "Mtambulishie sauti yako," akamwambia. "Hakuwahi kukusikia ukiongea."

Mwezi uliofuata ukoo mzima ulikuja kuona. Mvumi ilibaki tupu, nadhani hata kuku walikuja. Mchungaji akaomba, wazee wakaimba, muuguzi akatoa ua wake wote na sufuria zake zote, na shangazi akakaa kwenye kiti kikubwa kando ya mawe akipokea watu kama bibi harusi. "Mbukwenyi! Mbukwenyi!" salamu zilipishana hewani. Kila aliyewahi kumwita mbishi alipangiwa kuosha vyombo.

Mimi, kama kawaida, nilisimama kutoa hotuba. Nikaeleza picha, nikaeleza kifaa cha miguu minne, nikafika kwenye kilele: jinsi uwanja wa ndege ulivyokuwa ukija mbio mwaka baada ya mwaka kulimeza kaburi la babu, na jinsi ulivyofika kwenye uzio pale, ukaogopa, ukasimama. Watu wakapiga makofi. Ndege moja ikapaa wakati huohuo, nikainyooshea kidole kama shahidi wangu.

Afisa ramani alikuwa amekaa mkekani na sahani ya wali. Akanisubiri nikae, akaniinamia.

"Kaka, uwanja haujawahi kuhama," akasema. "Waliurefusha, na watu wakajenga kuuzunguka. Mahali ulipo kwenye picha ya zamani ndipo ulipo leo. Mimi kaburi hili nimelipima kuanzia kwenye uwanja huohuo."