Bastola Mpya ya Shemeji

Kwa miaka mingi mtu pekee mwenye bastola ya halali katika mtaa wetu pale Iguguno nilikuwa mimi, na sitaki kudanganya, nilipenda iwe hivyo. Nilikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Nilizunguka minada ya Mkalama na Iramba nikiwa na fedha kiunoni, na barabara za siku zile hazikuwa za mchezo, ndipo nikaomba kibali nikapewa. Watu wengi hawakuwahi kuiona hiyo bastola. Walijua tu kwamba ipo, na kujua kwao kulinitosha. Kwenye vikao nilipewa kiti chenye egemeo. Kijana akianza kupayuka mbele yangu, mwenzake alimvuta shati. Nilikuwa naona, najifanya sioni.

Ni bastola ya zamani, ile ya duara linalozunguka, risasi sita. Weusi wake umechujuka mpaka chuma kinaonekana kwenye kingo. Risasi nazitunza kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na kipande cha mkaa nilichokifunga kwenye kitambaa, ili unyevu usiziingie. Jumapili baada ya ibada natandika gazeti, naifuta, naipaka mafuta. Mke wangu akipita na sufuria yake anasema, "Mimi mgongo unaniuma mwezi wa pili huu, na mafuta sijapakwa hata siku moja." Nilikuwa nacheka, lakini alikuwa anasema kweli.

Sasa mke wangu ana mdogo wake, kitindamimba wao. Nilimwoa dada yake yeye akiwa bado anachunga ndama. Mnadani mara ya kwanza nilimpeleka mimi, nikamwonyesha namna ya kumtazama ng'ombe meno asije akauziwa bibi kizee. Leo ana kinu cha kukamua alizeti, ana fuso mbili, ana nyumba ya bati la rangi, na mimi goti limenitoa minadani, nakaa nahesabu kuku. Nilimwonea wivu tangu kabla ya bastola, afadhali niseme. Kila akija kwetu mke wangu anachinja jogoo. Mimi nikitaka nyama ya kuku lazima niugue kwanza.

Alipoomba kibali cha silaha, jambo lake lilifika kwenye mkutano wa kijiji, watu waulizwe tabia yake. Mwenyekiti akanigeukia kwa kuwa mimi ndiye mzoefu. Nikasimama, nikamsifu mpaka watu wakapiga makofi. Si kwa mapenzi. Nilikuwa na hakika huko wilayani watamkatalia, na sikutaka akikataliwa aseme nilimwekea kinyongo. Wilayani hawakumkatalia.

Aliileta siku ya Jumamosi, katikati ya msimu, magunia ya alizeti yamepangwa mpaka karibu na lami na upepo wetu wa Singida unarusha makapi machoni. Mbele ya kinu kuna benchi, na mimi nina nafasi yangu pale, upande wa kivuli. Tulikuwa mimi, fundi wa kinu, dereva wa moja ya fuso zake, na wakulima watatu wanne waliokuwa wanasubiri kupimiwa mzigo. Shemeji akatoka ofisini kwake. "Shikamoo shemeji," akanishika mkono kwa mikono miwili. Ndivyo alivyo, ana adabu, huwezi hata kumchukia kwa raha. Kisha akafungua mfuko wa ngozi.

Ilikuwa nzuri. Ningependa kusema ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa nzuri. Nyeusi isiyong'aa, nyepesi, mpini wa plastiki ngumu, na magazini inayobeba risasi kumi na tano. Fundi wa kinu alijifuta mikono kwenye suruali ndipo akasogea kuitazama. Yule fundi tumekaa naye benchi moja miaka saba, na yangu hakuwahi kuomba hata kuiona.

"Plastiki," nikasema. "Ndoo ya maji hiyo."

Wakacheka, nikapata nguvu. Nikawaambia bastola ya magazini ni mgonjwa wa vumbi. Upepo huu wa kwetu unaingia mpaka kwenye chumvi iliyofunikwa, sembuse humo. Vumbi likikaa kwenye njia yake, risasi inakwama nusu ndani nusu nje, na jambazi hasubiri ukwamue. Yangu risasi moja ikigoma nabonyeza tena, duara linazunguka, ya pili inakuja yenyewe. Haina kukoki, haina kitufe cha usalama cha kusahau.

"Kwa hiyo kukosa kitufe cha usalama ndiyo sifa?" dereva akauliza. "Basi na gari lisilo na breki tulisifu."

Shemeji akasema kwa upole kwamba nasema kweli, vumbi ni adui, ila hizi za sasa zinajaribiwa kwenye mchanga na matope kabla ya kuuzwa. Tena hata ikidondoka haifyatuki. Akaniuliza, na aliuliza kwa nia njema, kama ile ya zamani ikidondoka inakuwaje, maana nyundo yake inalalia juu ya risasi.

"Ndiyo maana wenyewe wanaacha tundu moja tupu, nyundo ilalie hapo," fundi akadakia. "Mzee, wewe unaacha?"

Nilikuwa siachi. Nikasema naacha.

Tukahamia kwenye risasi zenyewe. Zake zimevikwa shaba, zinang'aa, zimetoka kwenye boksi lenye tarehe. Zangu ni zile za kichwa laini, na boksi lake lilishaliwa na mchwa. Fundi akataka kujua ni za mwaka gani. Nikamwambia risasi si maziwa, haichachi. Shemeji akasema afisa aliyewafundisha alisema zilizokaa sana zinaweza kugoma kabisa, au zikachelewa, ukabonyeza kimya, ukaigeuza uitazame, ndipo ikalia. Watu wakaguna. Dereva akanitazama, "Mara ya mwisho kuipiga ni lini, mzee?"

"Silaha si ngoma, ipigwe kila wiki."

Wakacheka tena, na safari hii walinicheka mimi. "Mwacheni mzee," fundi akasema, "ya kale dhahabu," akamkonyeza dereva akidhani sioni. Nikajibu kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini hakuna aliyesikia, walikuwa wameshamgeukia shemeji.

Hapo ndipo akataka kuwaonyesha ilivyo laini. Akaielekeza chini, kwenye rundo la mashudu, akavuta sehemu ya juu nyuma, akaiachia ikarudi mbele kwa mlio mtamu. Kisha akachomoa magazini, akaiinua juu kila mtu aone. "Tumbo lake hili hapa," akasema. "Sasa hiki ni chuma tu, sawa na nyundo ya fundi."

Wakaitikia. Mimi nikaona kosa.

Hatua zote mbili alizijua, ila alizifanya kinyumenyume. Magazini hutolewa kwanza, ndipo unavuta, ndipo unatazama ndani kwa jicho lako. Yeye alivuta kwanza, na alipovuta risasi moja ilipanda kutoka kwenye magazini ikakaa chemba, nyuma ya mtutu, tayari. Magazini aliyoiinua ilikuwa na kumi na nne. Niliiona ile ya kwanza ikiondoka, kwa kuwa nilikuwa naikodolea macho ile bastola kama fisi anavyolikodolea zizi. Wengine walikuwa wanamtazama yeye usoni.

Wala hakuniacha hivi hivi. Aligeuka akaniuliza mbele yao wote, "Au siyo, shemeji? Wewe ndiye mzoefu. Iko salama hivi?"

Ningesema neno moja. Ningesema "fungua utazame", basi. Lakini nilimwona fundi anatabasamu, na tabasamu lile nililitafsiri kwamba mzee anaulizwa kwa kuhurumiwa tu. Nikasema, "Wewe si umefundishwa na afisa? Mimi ni mtu wa mambo ya kale."

Akacheka kidogo, akaona aibu kwa niaba yangu, akairudisha kwenye mfuko. Mimi nikainuka nikachukua fimbo yangu. Njiani nilijiambia nitamwambia kesho. Nitamwita pembeni, atakuja amenyenyekea, nitamweleza kosa lake taratibu, naye atajua nani ni nani. Nilijua ana watoto nyumbani. Nilijua ile nyumba haina chumba ambacho watoto hawaingii. Nililijua hilo lote na nikaendelea kutembea, na si kwamba nilisahau.

Jioni ile nilikuwa nanawa mikono. Mke wangu alikuwa ameshaweka ugali na mlenda mezani. Tukasikia mlio mmoja kutoka upande wa nyumba ya mdogo wake, mkavu, halafu kelele za wanawake. Mke wangu akasema pengine ni tairi. Nilishaanza kuchechemea kuelekea mlangoni na mikono inachuruzika maji.

Watoto walikuwa uani wanapukuchua mahindi, Mungu ni mwema. Yeye alikuwa chumbani anaifungia kwenye kasha. Kabla ya kuifunga akabonyeza kifyatulio ili springi isikae imekaza, na kiganja cha kushoto kilikuwa mbele kinashikilia kasha. Risasi ilipita katikati ya kiganja ikaingia kwenye godoro. Alikuwa amekaa sakafuni anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Aliponiona akasema, "Shemeji, magazini nilitoa." Akarudia tena na tena. Nilimfunga mkono kwa khanga, tukamwingiza kwenye gari lake mwenyewe, na yule dereva akaliendesha mpaka hospitali.

Vidole viwili havikuokolewa. Polisi walikuja wakaichukua bastola, wakaandika maelezo, wakasema habari ya kibali itaangaliwa baadaye.

Kesho yake saa za kuona wagonjwa tulikwenda, mimi na mke wangu. Ndani ya gari, mkoba umemkaa mapajani, akaniuliza bila kunitazama. "Jana ulikuwa pale kwenye benchi. Fundi ameniambia aliwaonyesha namna ya kuitoa risasi. Wewe hukuona kama kuna kosa?" Nikasema ngoja tufike. Akasema, "Kama uliona ukanyamaza, kwa sababu ya hivyo vijiwivu vyako ambavyo unadhani sivijui, sijui nitakaaje na wewe." Alisema kwa Kinyiramba, na akisema jambo kwa Kinyiramba anakuwa amelifikiria. Miaka thelathini na moja tumekaa. Niliamua nitasema. Naapa niliamua. Nilipanga mpaka maneno, nitasema mbele yake na mbele ya mdogo wake, halafu wanifanye watakavyo.

Tulipoingia wodini nikakuta watu wamejaa. Fundi yupo, wakulima wapo, akina mama wa kanisani wameleta uji na machungwa, kuna mtu amebeba hadi kuku mzima wa kuchemsha. Mimi nilipolazwa kwa ajili ya goti walikuja watu watatu, na mmoja alikuwa amekuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha pili. Nilisimama pale mlangoni na dhambi yangu, nikahesabu wageni wake. Ndivyo nilivyoumbwa.

Mke wangu hakungoja hata salamu ziishe. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika mdogo wake mkono mzima. "Niambie kweli. Huyu mzee aliona jana ulivyokosea? Alikwambia?"

Shemeji aliniangalia. Sikuwahi kumficha mtu uso wangu kwa muda mrefu kama ule, lakini macho yake yalinifikia. Nadhani alikuwa ameshayapanga yote akiwa kitandani, swali lake, jibu langu, na lile nililolijua. Alikuwa na usiku mzima wa kufanya hivyo.

"Aliniambia, dada," akasema. "Alininong'oneza wakati anaondoka, nifungue nitazame. Mimi ndiye mbishi, niliona aibu mbele ya watu."

Mama mmoja wa kanisani akatikisa kichwa, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wengine wakaitikia. Fundi alinitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona kwake. Shemeji akafumba macho, vidole vyake vitatu vimetokeza kwenye bandeji, na mimi nikamwonea wivu, palepale, kuliko siku zote nilizowahi kumwonea. Mtoto niliyemfundisha meno ya ng'ombe alikuwa ananisamehe mbele ya wodi nzima, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili.

Mke wangu alinigeukia, macho yamelainika, yamejaa machozi. "Ni kweli, baba? Ulimwambia?"

Yale maneno yangu niliyoyapanga kwenye gari yalikuwa bado yapo mdomoni.

"Nilimwambia," nikasema. "Nilimwambia mara mbili."