Kiti Kimoja, Walimu Wawili

Mpaka leo nikikumbuka siku ile masikio yanapata moto, na nimeuandika mwanzo huu mara nyingi nikafuta, kwa sababu naogopa kujitetea kupita haki. Basi niseme tu kwamba niliaibika mbele ya mkaguzi, hedmasta na darasa zima, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu (si yote, lakini kubwa).

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, katika shule moja ya upande wa Sironga, ambako asubuhi ukungu hupanda kutoka kwenye majani chai ukaingia madirishani, na watoto wakaonekana kama wameketi ndani ya ndoto. Mimi nilikuwa mwalimu wa kuokotwa tu, sikusomea kazi. Darasani tulikuwa na msichana kiziwi, Kerubo, ambaye mamake alikataa kumfungia nyumbani. Hedmasta alimkubali kwa majaribio, akatuweka walimu wawili, mmoja aseme na kuandika ubaoni, mwingine aonyeshe kwa mikono na mwili, halafu mkaguzi angekuja kuamua kama Kerubo atabaki au atarudishwa kwao.

Sasa huyo mwenzangu alikuwa mdogo wa baba mkwe wangu, baba wa mume wangu, na kwetu Wagusii huyo naye ni baba mkwe, huna njia ya kumwita vingine ila Tata, yaani baba. Kati yetu kuna chinsoni, heshima ile ya kuoneana haya: hamshikani mikono, hamkaribiani, hata kutazamana machoni ni taabu. Hedmasta, mtu wa kutoka mbali, aliuliza, "Mtaelewana?" Nikasema ndiyo. Neno moja tu! Niliogopa kupoteza kazi, na Tata akanyamaza (labda alinihurumia, sijui).

Basi tukafundisha hivyo hivyo, yeye upande wa mlango, mimi upande wa dirisha, meza katikati, na akitaka kuniambia jambo aliwaambia watoto, "Watoto, mwambieni mwalimu wenu tunaanza."

"Mwalimu, anasema tunaanza!"

"Mwambieni nimesikia."

Na ajabu ni kwamba mambo yalienda vizuri. Tata akitaja neno mimi nalitenda, Kerubo ananitazama kwa yale macho yake makubwa yaliyotulia, analitenda naye, kisha analiandika, na kuna asubuhi nilijiona kama naelea juu ya ule ukungu.

Mkaguzi alipokuja alikaa benchi la nyuma pamoja na hedmasta, akatazama kidogo, akasema, "Hiyo meza hapo katikati ni ya nini? Itoeni. Fundisheni pamoja."

Meza ikatolewa, kikabaki kiti changu cha kuonyeshea. Tukapeana migongo, tungefanya nini? Tata akaandika ANAKETI, akalitamka kwa sauti, na siku zote neno hilo likitamkwa mimi hurudi nyuma nikakalia kile kiti bila kuangalia. Lakini siku hiyo Tata, akitaka mkaguzi aone kweli tunasaidiana, aliamua naye kuonyesha, akaketi. Mimi simwoni, yeye hanioni, nikarudi nyuma polepole kama mtu anayezama usingizini, nikaketi, na kiti kilikuwa laini, kina joto, tena kikasema, "Uuuwi!"

Nilijua nimemkalia nani, nikabaki pale pale.

"Watoto," Tata akasema kwa sauti nyembamba, "mwambieni mwalimu wenu aondoke!"

"Mwalimu, anasema uondoke!"

Niliporuka, darasa lilivunjika kwa kicheko. Kerubo hakukisikia. Yeye aliona somo tu. Akainuka taratibu, akaenda nyuma, akamkalia mkaguzi magotini, kisha akanyoosha kidole kwenye lile neno ubaoni. Kicheko kikafa. Mkaguzi akamshusha kwa upole, akatembea hatua chache mbele yake bila kusema kitu. Kerubo akaenda, akachukua chaki, akaandika ANATEMBEA.

"Huyu anabaki," mkaguzi akasema. Halafu akatugeukia. "Lakini nyinyi wawili mna ugomvi gani?"

Watoto ndio waliojibu, wote kwa pamoja: "Bwana, huyo ni baba mkwe wake!"

Hedmasta akajishika kichwa. "Mwalimu! Mbona hukuniambia?"

Nilitamani ukungu unichukue.

Tata alihamishiwa darasa lingine, akaletwa mwalimu mwanamke, na kwa haki lazima niandike kwamba yeye aliumia kuliko mimi, maana alimpenda Kerubo, na mwanzoni angeweza kusema ukweli lakini mimi ndiye niliyewahi kujibu. Nimeapa kwamba nikiunganishwa tena na mtu kazini, nitaeleza sisi ni nani kwa nani kabla chaki haijagusa ubao, hata kama nitafukuzwa. Kerubo aliendelea kusoma. Asubuhi Tata alikuwa akisimama nje ya dirisha kumpungia mkono, naye anampungia, na mimi nageuka kuutazama ukuta mpaka wamalize.