Msumari Katika Kiatu cha Baba

Juzi, huku Sulay, Riyadh, mlinzi wa ghala la baruti aliniambia niinue mguu, akapapasa soli yangu. Nikakumbuka kiatu cha baba.

Nilikulia Kandara, Jeddah. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha kwanza kutengeneza baruti pande zile, na viatu vyake vya kazini vilishonwa kwa uzi mtupu. Nilidhani ni umaskini wetu. Mchana mmoja, alipokuwa akioga, nilipigilia msumari kwenye kisigino kilicholegea, nikaupaka dawa ya viatu mpaka usionekane.

Alipokwisha kuondoka, mama aliiona nyundo. Nikamweleza kwa majivuno.

"Mwanangu, kule msumari ukikwaruza sakafu unatoa cheche," alisema, akaketi chini.

Chumba kilinuka dawa ya viatu. Tulisikiliza upande wa kiwanda hadi adhana ya alasiri.

Baba alirudi pekupeku.

"Mlinzi alikikagua kiatu, asiuone msumari," alisema. "Nimeusikia mwenyewe ukigonga, mlangoni pa chumba cha kuchanganyia." Akanitazama. "Umepigilia vizuri mno."

Hadi leo nikisifiwa kazi, hurudi kuikagua upya.