Kichwa cha Rukia

Siku yangu ya kwanza kwenye kitengo cha kifafa, pale mjini Unguja, nilikabidhiwa sabuni na kitana. Na mimi nilidhani nitashika mashine! Daktari mkuu akaniambia, "Bi Zuhura, waya haushiki kwenye kichwa chenye mafuta ya nazi. Osha kwanza." Basi nikaosha vichwa mpaka vidole vikanikunjamana, ndipo nikafundishwa kubandika vile visahani vidogo vya waya vinavyopokea umeme wa ubongo, na kuyasoma mawimbi yake.

Rukia wa Bububu nilimpokea yungali mtoto. Dawa hazikumfaa, kifafa kilimwangusha jikoni, kikamwangusha njiani. Miaka yote ni mimi niliyemvua mtandio, nikamwosha, na tukimaliza nikamsuka upya. Alikuwa akiniita mama.

Kisha akaja Salma, kijana, katoka masomoni bara, na mashine mpya yenye kamera. Daktari mkuu akatuita.

"Rukia anaweza kupasuliwa akapona. Lakini mpasuaji hagusi ubongo mpaka ajue kifafa kinaanzia wapi. Salma atasimamia kipimo. Wewe, Bi Zuhura, utakaa na mgonjwa."

Kukaa na mgonjwa! Ati mimi yaya. Roho iliniuma, sisemi uongo.

Ikawa tunakiombea kifafa kije, wallahi, maana kisipoonekana hakuna upasuaji. Daktari akampunguzia dawa, Rukia akalazwa na waya zake kichwani, tukangoja. Kilipokuja, Salma alibaki kwenye mashine, mimi nikamlaza Rukia ubavu. Hapo kazi ni kumsemesha mgonjwa. Maneno yakirudi upesi, kuna matumaini kwamba chimbuko la kifafa liko mbali na sehemu ya ubongo inayosema.

Nikamwinamia. "Rukia, mwanangu, mimi nani?"

Nikarudia. Akafumbua macho, akanitazama usoni.

"Salma," akasema.

"Kasema!" Salma akapiga kelele kwa furaha. "Kachanganya mtu tu, Bi Zuhura, lakini maneno yamerudi!"

Mawimbi nayo yakaonyesha chimbuko liko upande wa kulia, sawasawa na picha ya ubongo aliyopigwa kabla. Kila mtu akachangamka. Mimi nikatoka nje kufuta machozi, wakadhani ni ya furaha.

Rukia akapasuliwa huko bara, kifafa kikamwacha. Naye akaacha kuja, maana mtu mzima wa afya anafuata nini kwetu? Nikasikia kaolewa. Nikasikia kila Idi anampigia Salma. Mimi nambari yangu haijabadilika.

Sasa nimestaafu, na vijana wananiuliza kazi ile inataka nini. Nawaambia macho na subira. Ya rohoni siwaambii.

Wiki yangu ya mwisho kazini, nimekaa mapokezi, akaingia Rukia, kanenepa, kapakata mtoto.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Salma yupo?"

Salma alikuwa chumba cha pili anakunywa chai, nnamsikia anacheka.

"Marahaba. Katoka kidogo. Kaa, mwanangu, hebu nipe huyo mtoto."

Nikampakata mpaka akasinzia, na sikwenda kumwita mtu.