Namba Kwenye Mkufu wa Mdogo Wangu

Niliazima mkufu wa mdogo wangu nikidai ni wa kuvaa kwenye kipaimara cha mwanangu. Uongo mtupu. Nilitaka kuuchunguza.

Kwetu mama humvika binti anayeolewa mkufu siku ya kumuaga, mbele ya wageni wote. Mimi nilivikwa kitu chembamba kama uzi. Yeye, miaka minne baadaye, alivikwa mnene, mashangazi wakapiga vigelegele mara mbili. Na mimi nilipiga, lakini roho iliniuma, na imeendelea kuniuma kila Jumapili anapokaa mbele yangu kanisani, shingo inang'aa.

Nyumbani Maisaka nilijifungia chumbani, nikapiga picha vishikizo vya mikufu yote miwili kwa simu, nikazikuza. Wangu umegongwa 750. Wake, 925. Hata kwa namba kanizidi! Sikula mchana huo, na mume wangu aliponiuliza nina nini nilimjibu vibaya.

Kesho yake nikaenda kwa sonara, jirani na soko. Akaweka kioo chake jichoni, akaigeuza mikufu taratibu.

"Huu mwembamba ni dhahabu, mama. 750 maana yake katika mafungu elfu moja, mia saba na hamsini ni dhahabu halisi."

"Na huu mnene umezidi," nikasema kwa uchungu.

Akacheka. "Hiyo ni namba ya fedha. 925 ni fedha nzuri, ila si dhahabu. Dhahabu wameipaka juu tu. Ona hapa kwenye kishikizo, imeanza kutoka."

Kweli, palikuwa peupe.

Sifichi, nilifurahi. Nilivaa wangu, nikapanda bajaji hadi Bagara nikichekelea peke yangu na kupanga maneno. Mdogo wangu nilimkuta uani anapepeta mbaazi. Nikamkabidhi mkufu wake, nikasema kwa sauti ya huruma, "Pole, mdogo wangu. Huu si dhahabu."

"Najua, dada," akasema, na ungo haukusimama. "Nilienda na mama kuuchagua. Alitaka kuuza ng'ombe wa maziwa, kama alivyouza ulipoolewa wewe. Nikamkatalia, maana alikuwa amebaki huyo mmoja. Tukakubaliana tusikuambie, usije ukajisikia vibaya kuvaa wako."

Nilivuta kigoda, nikaanza kuchambua mbaazi naye. Shingoni nilikuwa nimevaa ng'ombe mzima wa mama yangu, na bado nilimwonea wivu mdogo wangu, labda kuliko siku zote. Mkufu wake sikuutaka tena. Nilichotaka ni ile asubuhi yao ya wawili mbele ya meza ya sonara, mama akimgeukia na kumuuliza, "Unapenda upi, mwanangu?"

Mimi sikuwahi kuulizwa.