Nilidhani Ishirini Ni Kubwa Kuliko Kumi na Mbili

Jamani, nimekosa! Tena nimekosa kwa wivu wa kijinga. Nawaambia ninyi kwa sababu nyumbani siwezi.

Mdogo wangu ana shotgun, ile bunduki ya kuwindia, geji kumi na mbili. Nguruwe pori wakiingia kwenye mahindi kule Madaba, yeye ndiye anapigiwa simu. Mimi mkubwa wake nipo hapa Ruhuwiko, hakuna anayeniulizia! Akituletea kanga wa porini, mke wangu anaimba wiki nzima: "Shemeji ana shabaha, jamani!" Nyama yenyewe ilikuwa inanikwama kooni.

Basi nikahangaikia kibali, nikanunua ya kwangu. Geji ishirini. Si ishirini imeizidi kumi na mbili? Nikasema sasa tutaheshimiana!

Dogo alipoiona akaniambia kwa upole, "Kaka, geji zinakwenda kinyume. Namba ikipanda, mtutu unakuwa mwembamba. Hii ni nyepesi, na risasi zako zina marisau, hizi chembe za ndani, madogo madogo, ni za kanga. Nguruwe usimpige nayo."

Mnajua nilimjibu nini? "Una wivu wewe!" Mimi ndiye nilimwambia hivyo, mimi!

Asubuhi moja tukaitwa Madaba. Hapana, yeye aliitwa, mimi nilijipeleka. Nguruwe dume akatokea pembeni mwa shamba. Mdogo wangu akaninyooshea mkono nisubiri. Nikaona anataka sifa peke yake, nikafyatua.

Zile chembe zilimchoma nguruwe ngozi tu, zikampandisha hasira. Akamvamia mdogo wangu aliyekuwa karibu naye zaidi, akampasua paja kwa meno, kisha akatokomea porini. Nilimbeba mgongoni hadi barabarani, damu yake ikinilowesha shati.

Hospitali akawaambia watu, "Nilikosa shabaha mwenyewe. Kaka ndiye kaniokoa." Nami nikanyamaza! Kibaya zaidi, waliponisifu nilifurahi.

Sasa anachechemea, na porini haendi tena. Watu wanasema shabaha imemwisha. Nawasikia, napita njia yangu.

Wenzangu, ndugu yako akikuzidi, kubali akuzidi. Msikilize wakati bado ana hamu ya kukuelekeza. Juzi nilimuuliza mdogo wangu ninunue risasi zipi kwa ajili ya ngedere wanaomaliza mahindi. Zamani angenieleza mpaka nichoke.

"Zozote tu, kaka," alisema, akageukia ukutani.