Boke na Kamera ya Zizini

Asubuhi ile ya mwisho Boke alipanda ngazi kama kawaida, akafuta utando wa buibui kwenye kioo cha kamera kwa ncha ya kanga. Buibui akipita pale usiku, simu hulia kana kwamba mwizi kaingia. Mumewe, Waitara, alishika ngazi. Mchana presha ikamchukua Boke, na kijiji kizima cha Itiryo kikaja kuzika.

Watu bado wanamsimulia Waitara habari za kamera hiyo, utadhani hakuwepo. Huwaacha wasimulie.

Aliifunga Dullah, fundi wa Tarime mjini, anayezifunga madukani na kwenye vituo vya mafuta. Ina sola yake, laini yake ya simu, na kadi ndogo ya kutunzia picha. Kitu kikisogea zizini, picha inaruka hadi kwenye simu ya Boke, hata akiwa sokoni Sirari. Kila jioni aliitazama. Waitara hakuitazama, alisema yeye ana macho, tena ana mbwa.

Siku moja giza likiingia, wakiwa msibani kwa jirani, simu ikatetemeka. Boke akaangalia, akainuka, akatoka mbio bila viatu. Waitara nyuma, wanaume nyuma. Waya wa zizi umekatwa, na ng'ombe wake wa maziwa, yule mwekundu, hayupo. Kulipokucha wakafuata kwato hadi kwa Konstantino, kitongoji cha pili. Ng'ombe yupo zizini, anacheua.

Wazee wakakaa kuamua. Boke akatoa simu: mtu mwenye koti la mvua, uso hauonekani, anaswaga ng'ombe. Konstantino akacheka. Akasema huyo wa kwenye picha ni mweupe, wake ni mwekundu; labda mama akamtafute mweupe wake kwa fundi. Watu wakaangua kicheko. Waitara akachungulia: mweupe kweli, kama maziwa. Moyo ukamshuka.

Boke hakutikisika. Aliomba ng'ombe apelekwe chini ya kamera, wote wangoje jua lizame. Wakaenda, kundi zima, watoto juu ya uzio. Simu ikapita mikononi mwa wazee. Mwekundu. Bado mwekundu. Jua likazama, kamera ikalia tik, ikawasha taa yake ya usiku ambayo jicho la mtu haliioni, na rangi zote kwenye simu zikafa mara moja. Ng'ombe akawa mweupe mbele yao, na pembe yake moja iliyopinda ni ileile ya kwenye picha.

Mzee Ezra, mmoja wa wale wazee, alimtazama ng'ombe, akatazama simu, akarudi kwa ng'ombe. Vigelegele vikapasuka. Waitara, mtu asiyeruka, aliruka. Konstantino alikuwa ameshafika mlangoni mwa zizi.

"Mura, kijana wangu, mbona unatuacha?" Mzee Ezra akamwuliza. "Picha ndiyo kwanza imenoga."

Vijana wakamzuia. Boke akapita katikati ya watu wote na ndoo yake, akasema:

"Haya, nipisheni. Huyu hajakamuliwa tangu jana."